Kinoo na Almasi

Katika nyumba zetu za pwani kuna vyombo vinavyotajwa kwa fahari na vyombo vinavyotumika kimya. Mbuzi ya kukunia nazi ina vitendawili vyake, kinu na mchi vina nyimbo zao, chano na kawa hutajwa katika kila harusi. Kinoo hakina msifu. Hukaa nyuma ya mtungi au chini ya ngazi, kimelowa mafuta na vumbi, na mtu hukikumbuka siku kisu kinapoteleza juu ya ngozi ya nyanya. Hapo ndipo sauti hutoka jikoni: "Jamani, kinoo kiko wapi?"

Kikikosekana hatukosi hila. Tunakigeuza kikombe cha kaure na kupitisha kisu kwenye ukingo wa kitako chake usiong'arishwa, au tunakisugua kwenye ngazi ya sementi, au tunamngoja mnoaji apitaye mitaani na baiskeli yake, aisimamishe, apige pedeli, na jiwe la mduara lirushe cheche mbele ya watoto. Cheche hizo zinapendeza macho, lakini zinakula chuma. Kisu kikigeuka buluu karibu na makali, kimeungua: ule ugumu kiliotiwa na mhunzi au kiwanda umekwisha kuondoka, na makali yake hayatadumu mpaka sehemu iliyoungua iliwe yote.

Lugha yetu imekitendea kinoo haki kuliko tulivyokitendea sisi. Kwa kitenzi noa tumenoa visu na mashoka, tumenoa bongo, tumenoa ndimi, na timu zetu za mpira kila mwaka hujinoa kwa mashindano. Neno makali limebeba mzigo mkubwa zaidi: makali ya panga, makali ya jua, makali ya njaa, makali ya maradhi. Mshairi akisifiwa huambiwa ana kalamu kali, na akikosolewa huambiwa ubeti wake ni butu. Wahenga nao walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakutaja jiwe lililokitia kisu hicho ukali, wala aliyelitunza jiwe hilo.

Kinoo ninachotaka kukizungumza kilikuwa cha marehemu baba yangu, seremala wa nakshi hapa Unguja Mjini. Alichonga milango, masanduku na viti, kwa mvule, msaji na mfenesi, na watu waliokuja kumtazama kazini walitazama nakshi ikitoka katika mti kama vile ilikuwamo tangu zamani. Wachache walitazama alichofanya kila baada ya robo saa, nacho ni kuiweka kazi chini, kugeukia kinoo na kupitisha patasi mara sita, mara saba, kisha kurudi. Mti mgumu hauna huruma na chuma. Patasi butu haikati. Hupasua, huvunja pembe za maua, na humlazimisha fundi kutumia nguvu pale panapotakiwa upole.

Alipofariki, vifaa vyake viligawiwa kwa maelewano. Kaka yangu mkubwa alichukua patasi na nyundo za mti, kaka wa pili akachukua misumeno na randa. Kinoo hakikutajwa na mtu. Nilikikuta karakanani ndani ya kisanduku chake cha mfenesi, nikauliza kama yupo anayekitaka. "Chukua wewe," kaka mkubwa aliniambia, "kitakufaa jikoni." Hivyo ndivyo nilivyorithi kitu ambacho hakikuhesabiwa katika mirathi. Mwaka jana kitu hicho kisichohesabiwa kilizusha maneno makubwa nyumbani kwetu.

Si jiwe la ajabu. Lina urefu wa shubiri moja na upana wa vidole vitatu, rangi yake ni ya majivu meusi, upande mmoja wa kukwaruza na wa pili laini. Mawe ya namna hii hayachimbwi machimboni. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson, akijaribu kutengeneza kitu kingine kwa tanuri la umeme, alipata chembe zinazong'aa zilizozaliwa kwa muungano wa silikoni na kaboni, akaziita Carborundum. Jina hilo likawa jina la kampuni, na kutoka kampuni likawa jina la jiwe katika lugha nyingi za mafundi. Chembe hizo hufinyangwa na udongo wa kushikisha na kuchomwa kama tofali. Zinakata chuma vizuri, na zinapochoka hubanduka ili chembe mpya zilizo chini yake zitokeze. Huo ndio wema wa jiwe hilo, na hapo hapo ndipo penye ila yake: linajitoa mwili kadiri linavyofanya kazi. Mnoaji akipitisha chuma katikati tu, katikati hulika, na baada ya muda jiwe hufanya bonde.

Kinoo cha baba kilikuwa na bonde. Kwa kisu cha jikoni bonde si balaa kubwa, kwa sababu kisu chenyewe kimepinda kidogo na mkono hufuata njia. Kwa patasi ni balaa. Patasi ya seremala inataka makali yaliyonyooka kama mstari wa rula. Ikinolewa bondeni, pembe zake hulika kuliko kati, na makali hutoka na tumbo. Fundi akiitia katika kona ya nakshi, kona haikatiki.

Kwa miaka kadhaa hayo hayakunihusu. Nilikitumia kinoo kwa visu vyangu vya samaki, nikikipaka mafuta ya cherehani kama alivyofanya baba. Kisha binti ami yangu anayeishi Maskati alikuja likizo akaniletea zawadi iliyofungwa kwa karatasi nene. Nilipoifungua niliona kibao cha chuma kizito, bapa, uso wake wa kijivu unaometameta kidogo kama mchanga uliolowa. Akaniambia: "Hii ni almasi, dada. Usiivae."

Almasi nilikuwa nimeijua katika mashairi, palipo na lulu na johari, na mpenzi asiye na mfano. Nilijua pia kwamba Bara kuna Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940, na kwamba mwaka 1947 ilitoka huko almasi ya waridi ya karati 54.5, akapewa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kwa harusi yake; ilipochongwa zikabaki karati 23.6. Lakini ardhi haitoi almasi za kuvaliwa peke yake. Nyingine hutoka ndogo, zenye mawaa, za rangi isiyopendwa na masonara, na hizo ndizo zilizosagwa zikawa unga wa kukatia na kunolea. Baadaye wanasayansi walijifunza kuipika almasi kwa kuibana kaboni kwa nguvu nyingi katika moto mkali. Wasweden walifaulu mwaka 1953 bila kutangaza. Maabara ya General Electric nchini Marekani ilifaulu Desemba 1954 na kutangaza mwaka 1955. Leo almasi nyingi mno za viwandani ni za kupikwa. Ile iliyoingia jikoni kwangu yaelekea haikuonja udongo kamwe.

Wanajiolojia hutumia kipimo cha ugumu kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, chenye daraja 10. Ulanga una daraja la 1, kwarizi la 7, almasi la 10. Hakuna chuma cha kisu, kiwe cha kawaida au cha kisasa chenye madini ya kukikaza, kinachoweza kushindana nayo. Ndiyo sababu kibao cha almasi hunoa haraka: kazi iliyotaka dakika kumi juu ya jiwe la baba inakwisha kwa dakika mbili. Na kwa kuwa punje zake zimegandishwa kwa nikeli juu ya chuma, tabaka moja tu, kibao hakifanyi bonde. Kitakapozeeka kitakuwa bapa vile vile kama siku ya kwanza.

Tangu hapo jirani na jamaa wameniuliza mara nyingi wachague nini, maana vibao hivi sasa vinapatikana madukani kwetu kwa bei za kila namna. Nami huwajibu hivi.

Kwanza tazama unyofu. Chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ukingo juu ya uso wa kibao, na uinue vyote viwili mbele ya mwanga wa dirisha. Mwanga ukipita katikati au pembeni, kirudishe. Vile vyembamba kama bati, vilivyogundishwa juu ya plastiki, hupinda kwa mkono, na kibao kinachopinda hakina faida iliyomfanya mtu akimbilie almasi. Pili tazama urefu. Kibao kifupi kuliko nusu ya kisu kitakutesa. Sentimita 15 hadi 20 zinatosha jikoni.

Tatu ni ukubwa wa punje. Viwanda huandika namba, na namba kubwa ina maana ya punje ndogo, lakini viwanda havikubaliani sana, kwa hiyo ni bora kutazama kipimo cha mikroni kikiwapo. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Punje za mikroni 45 hivi, ambazo aghalabu huandikwa 325, ni za kisu kilichoharibika, chenye mapengo. Punje za mikroni 25, au 600, ni za kazi ya kila wiki. Punje za mikroni 9, au 1200, ni za kumalizia, na kwa patasi ya nakshi ni lazima. Mwenye fedha ya kibao kimoja tu achukue cha kati. Kisu cha samaki hakihitaji kung'ara kama kioo. Makali yenye meno madogo yasiyoonekana hushika ngozi ya nguru vizuri kuliko yaliyolainishwa kupita kiasi.

Nne ni uso wenyewe. Vipo vibao vyenye matundu au madoa, ambamo unga wa chuma hukimbilia usizibe almasi, na vipo vyenye uso mzima usiokatika. Vya matundu vinafaa visu virefu. Vya uso mzima vinafaa ncha na patasi nyembamba, ambazo hunasa matunduni. Tano, ukiweza kupata maelezo ya kiwanda, tafuta almasi ambayo kila punje ni fuwele moja kamili. Ile iliyofanywa kwa vipande vingi vilivyoshikamana hukata kwa ukali mwanzoni, kisha huvunjika vunjika na kuchoka mapema.

Kukitunza ni jambo la mkono zaidi kuliko la dawa. Aliyezoea jiwe la zamani hukandamiza, kwa sababu jiwe lilihitaji kukandamizwa. Juu ya almasi mkono unapaswa kuwa mwepesi, uzito wa kisu na kidogo zaidi. Ukikandamiza huongezi ukali. Unazing'oa punje katika nikeli iliyozishika, na punje iliyong'oka haina mbadala chini yake. Kibao kipya hukwaruza kuliko namba yake, kwa kuwa zipo punje chache zilizochomoza juu ya wenzake. Wengi hudhani wameuziwa kisicho chao. Ni kustahimili visu vichache tu, punje hizo hukatika au hubanduka zenyewe, na uso hutulia.

Tumia maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Mafuta mazito hayafai. Hukamata unga wa chuma na kuziba nafasi baina ya punje. Shaba, bati na aluminiamu zisipite hapo, maana ni laini na huganda. Ukimaliza, sugua kwa mswaki mkongwe na sabuni, suuza, kausha pande zote mbili kwa kitambaa, kisha kiache mahali penye hewa kabla ya kukirudisha katika mfuko wake. Hapa visiwani shuruti ya mwisho ni kubwa kuliko pengine. Almasi haiogopi chumvi, lakini chuma kilicho chini yake kinaiogopa. Kutu huanzia kwenye kingo na kwenye matundu, pale ambapo nikeli ni nyembamba, na ikishaingia huinua nikeli pamoja na almasi yake kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Mwenye kisima cha maji ya chumvichumvi asuuze kwa maji ya mfereji au ya mvua. Na mtu asijaribu kukifunga kibao katika mashine ya kuzunguka kwa kasi: almasi ni kaboni, na chuma kikipata moto mkali huinywa kaboni hiyo. Kwa mkono joto hilo halifikiwi kamwe.

Haya yote niliyajua vizuri siku alipokuja mtoto wa kaka yangu mkubwa. Ana miaka kumi na tisa na anajifunza kuchonga kwa fundi mmoja wa hapa mjini. Babu yake alifariki yeye akiwa bado skuli ya msingi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kukuomba kinoo cha babu. Pale kazini kiko kimoja, na sisi watu wanne."

Nilimtolea kisanduku. Alikifungua kwa adabu, akakilaza kinoo juu ya goti, akaegemeza juu yake bapa la patasi aliyokuja nayo. Mwanga ukaonekana chini yake. "Kina bonde," alisema. "Lakini kile kibao chako cha almasi kitakinyoosha, au siyo?"

Nilimweleza kwamba kinaweza, na kwamba mafundi wa nchi nyingine hufanya hivyo kwa mawe laini ya kunolea kwa maji. Lakini jiwe la baba ni gumu na la kukwaruza. Chembe zake zikibanduka huogelea katika maji baina ya nyuso mbili, zikachimba nikeli chini ya miguu ya almasi. Tungelinyoosha jiwe na kukiua kibao. Ipo njia nyingine, nilimwambia, ila kwanza nimuulize baba yake.

Kaka yangu si mtu wa maneno mengi. Alisikiliza, akakichukua kinoo, akakishika kwa mikono miwili. "Hapa palipoingia ndani," alisema, "ni mkono wa baba. Milango aliyochonga iko kwa watu. Nyumba tumeigawana. Patasi zenyewe nimeshazibadilisha mipini. Alama ya mkono wake iliyobaki ni hii, nanyi mnataka kuisugua?"

Sikuwa na jibu, wala sikutaka kulitafuta. Nilikuwa nami nimezoea kuweka kidole gumba ndani ya bonde lile kabla ya kunoa, bila ya sababu yoyote ya kazi. Kijana alitazama chini. Hakuweza kumjibu baba yake, na mimi nilijua alichokuwa akifikiri: kwamba babu yake aliacha jiwe ili linoe.

Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka akichambua mchicha, na tulidhani hasikilizi.

"Kinoo cha baba yenu hakikuwa na bonde," alisema.

Tuligeuka sote.

"Kila mwezi alikuwa akikisugua pale uani, kwa mchanga na maji, mpaka kikae sawa. Hamkumbuki, mlikuwa skuli. Hilo bonde liliingia mikono ilipoanza kumtetemeka. Patasi aliweza kuinoa, lakini hakuweza kuipeleka mpaka mwisho wa jiwe, akawa ananoa hapo hapo katikati. Na kulisugua jiwe hakuweza tena." Alinyamaza kidogo, akaendelea na mchicha wake. "Mafundi wenziwe wakija kumtazama, alikuwa akilifunika kwa kitambaa. Akiona haya."

Kwa muda hakuna aliyesema. Kaka alipitisha kidole gumba bondeni, polepole, kutoka ncha hii hadi ncha ile, akakirudisha kinoo kisandukuni. Hakusema ndiyo wala la, akaaga akaenda zake.

Nimeyafikiria sana maneno ya mama. Tulichokiheshimu kama alama ya kazi ya baba kilikuwa alama ya maradhi yake. Mkono wake wa kweli, ule wa miaka thelathini ya kazi, haukuacha alama yoyote juu ya jiwe, kwa sababu kila mwezi uliifuta. Fundi mwangalifu hakiachi chombo kimwonyeshe. Na bado siwezi kusema kwamba bonde lile halikuwa la baba. Lilikuwa lake pia: la mtu aliyekuwa mgonjwa na bado akanoa. Kaka hakukosea kulipenda. Ila kulihifadhi kungekuwa kukihifadhi kile ambacho mwenyewe alikifunika.

Baada ya siku mbili kaka alikuja jioni na kipande cha kioo kinene cha dirisha na karatasi za msasa wa maji, ule unaotumiwa na wapaka rangi wa magari. Nilimuuliza kwa nini asitumie mchanga kama baba. Alinijibu, naye ni mwana wa fundi, kwamba mchanga si mchanga tu. Ule mweupe wa fukwe zetu za mashariki ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Ni laini, nao ungesagwa na jiwe kabla ya kulisaga. Baba alitumia mchanga mkali wa kujengea. Msasa wa maji, kwa upande wake, umefanywa kwa chembe zile zile za jiwe lenyewe.

Kwanza tulikiloweka kinoo katika mafuta ya taa usiku kucha, kisha tukakisugua kwa sabuni ya moto, mpaka mafuta ya miaka yakatoka, meusi, yenye harufu ya karakana. Kisha kijana alichora uso wa jiwe mistari ya penseli, ya kwenda na ya kukingama. Unaposugua, mistari hufutika pale jiwe lilipo juu na hubaki pale lilipo chini. Ikifutika yote, jiwe limenyooka. Tulisugua kwa zamu, jioni tatu, tukimwagia maji kidogo kidogo. Mistari ya ncha ilifutika mapema. Ya kati ilikaa. Jioni ya tatu kaka alimwambia mwanawe apumzike, akakaa mwenyewe mbele ya kioo, na ni yeye aliyeifuta mistari ya mwisho.

Jiwe limepungua unene wa milimita kama tatu. Kijana aliegemeza patasi juu yake, akaitazama mbele ya taa, na mwanga haukupita.

Wasomaji wa kurasa kama hizi tumezoea kusikia mabishano ya namna hiyo juu ya mashairi yetu. Wako wanaotaka vina na mizani vibaki kama tulivyovipokea, na wako wanaoona vimelika na havikati tena. Nimekaa katika mabaraza ya pande zote mbili. Tangu yale maneno ya mama, kila nisikiapo mtu akiitetea ila ya zamani kwa kuwa ni ya zamani, hujiuliza kama watunzi waliotutangulia waliipenda ila hiyo, au walikuwa wakiisugua kila mwezi nasi hatukuwapo. Vina na mizani ni uso wa jiwe. Anayevitaka vikate, sharti avisugue.

Kinoo sasa kiko kwa kijana, kazini kwake. Nilimpa kwa sharti moja, kwamba akinyooshe mwenyewe bila kungoja kuambiwa, na asinoe katikati tu bali atumie jiwe lote, kutoka ncha hadi ncha, hata kwa kisu cha kumenyea embe. Mimi nimebaki na almasi yangu jikoni. Wiki hii nimeona imeanza kubadilika: inakata polepole kuliko zamani, na kisu kinatoka laini zaidi. Kwanza niliisugua kwa raba ya kufutia penseli, ambayo huondoa unga wa chuma uliong'ang'ania pale mswaki ulipokwama, lakini haikurudi ilivyokuwa. Hiyo ni dalili ya umri. Punje zimeviringika ncha, na hakuna ya chini itakayopanda juu.

Si ya kutupwa. Kibao cha mikroni 25 kilichochoka hufanya kazi ya kibao cha kumalizia kwa miaka mingine mingi, maadamu kiko bapa na hakina kutu. Nitanunua kingine cha kuanzia kazi, na hiki nitakisogeza kiwe cha pili. Bonde hakitafanya kamwe, na mwanangu atakayekikuta siku moja hatajua kwa kukitazama ni mkono wa nani uliokitumia. Nimemwomba basi akae nami jikoni Ijumaa, nikinoa, aone.